Mzee wa dukani na kimfuko chake: mantra za Wahindu na taamuli ya Wabudha zinaachana wapi?

#1 Kijana wa Kisutu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mada za meditesheni, yaani taamuli, zikiletwa humu huwa zinaishia njia mbili: ama "huo ni ushetani", ama "inashusha presha". Leo naomba tuingilie mlango mwingine. Wenye mambo yao, Wahindu kwa upande wao na Wabudha kwa upande wao, wanasema wanafanya nini hasa? Kwa nje wanafanana sana: kukaa chini, kufumba macho, tasbihi ya punje 108. Kwa ndani mimi naona hawafanani, na nitasema kwa nini.

(Halafu tuelewane mapema: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Wapo Wahindi Waislamu, Wakristo, Masingasinga na Majaini. Msinichanganyie.)

Nilipomaliza form four nilishika kazi duka la vitambaa karibu na mtaa wa Kisutu, Dar, ule wenye mahekalu ya Kihindu. Tajiri alikuwa mzee wa Kigujarati. Kila asubuhi, kabla droo ya hela haijafunguliwa, anakaa kwenye stuli yake, mkono wa kulia kautumbukiza kwenye kimfuko cha kitambaa, kidole cha shahada kimechomoza nje kwenye kitundu. Midomo inacheza, sauti haitoki. Sisi vijana wa dukani tulishakubaliana kwamba anahesabu noti za jana. Siku moja kimfuko kikadondoka, ikatoka tasbihi ya mti wa tulasi, ule mrehani wanaoutukuza. Tukatazamana kwa aibu.

Kimfuko kile kinaitwa gomukhi, yaani mdomo wa ng'ombe. Kidole cha shahada kinatolewa nje makusudi, maana hakitakiwi kugusa punje: ndicho cha kunyooshea watu, kidole cha majivuno. Punje zinavutwa kwa dole gumba na kidole cha kati. Yaani kile kile ambacho Muislamu anakinyanyua kwenye tahiyatu, kwa mzee ndicho kinachowekwa nje ya ibada. Juu ya zile punje 108 kuna moja kubwa ya kichwani, meru. Ukiifikia huivuki, unageuza tasbihi na kurudi ulikotoka.

Alikuwa anasoma Shri Krishna Sharanam Mama, silabi nane, maana yake "Krishna ndiye kimbilio langu". Ni mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) ya wafuasi wa Vallabha, mwalimu wa zamani wa ibada ya mungu Krishna, na wafanyabiashara wengi wa Kigujarati ni wa njia hiyo. Nikamuuliza, mzee, unaomba biashara iende? Akacheka. "Siombi kitu. Jina na mwenye jina ni kitu kimoja. Nikishika jina, nimemshika."

Miaka ikapita. Rafiki akanipeleka hekalu la Kibudha pale Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mti wa bodhi uani. Nikamkuta mtawa, nikampa shikamoo yangu, nikauliza nisome neno gani. Akasema hakuna neno. Pumzi inaingia, ujue inaingia. Inatoka, ujue inatoka. Basi. Nikakaa. Dakika ya kumi miguu yote ganzi, na mbu katua kwenye shavu. Nilipomweleza baadaye akaniambia mbu naye ni somo: kuwasha kunakuja, kunapanda, kunaisha, na hukumpata ndani yako mwenye kuwashwa, ulipata kuwasha tu. Nilirudi nyumbani na daladala nikiwaza sentensi hiyo moja.

Hoja yangu ni hii. Kwa mzee wangu, neno ndiko unakokwenda. Kwa mtawa, pumzi ni kamba tu. Buddhaghosa, mwanachuoni wa karne ya 5 aliyeandikia Sri Lanka, ametoa mfano wa mchungaji anayemfunga ndama mkaidi kwenye nguzo mpaka achoke kurukaruka na kulala. Ndama ni akili, nguzo ni pumzi, kamba ni kukumbuka. Hakuna anayeiabudu nguzo.

Nakaribisha kupingwa.

#2 Chumvi ya Mawe

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Wajuzi njooni.

#3 Sauti ya Nyikani

Mkuu, kwa heshima zote, maneno yasiyoeleweka yanayorudiwa mara elfu ni kuita majini tu. Lugha yenyewe hamuijui, mnajuaje mnaita nini?

#4 Kijana wa Kisutu

Swali la haki, Sauti ya Nyikani. Ila lugha inajulikana, ni Kisanskriti, na tafsiri zipo. Chukua Gayatri, mantra inayosomwa kuliko karibu zote. Imo ndani ya Rigveda, maandiko ya kale ya Wahindu, kitabu cha 3, wimbo wa 62, ubeti wa 10. Inasema hivi kwa Kiswahili changu: "Tuutafakari mng'ao ule bora wa mungu Savitr, naye azisukume akili zetu." Savitr ni nguvu ya jua, na inasomwa alfajiri, adhuhuri na magharibi. Ukiikataa kwa sababu za imani yako ni haki yako kabisa, lakini hakuna kilichofichwa humo.

Na uone kitu: ndani ya mantra yenyewe kuna neno dhimahi, "tutafakari". Kwa Wahindu kusoma na kutafakari havikutengana tangu enzi hizo. Sisi ndio tunatenganisha kwa kuandika "mantra" upande huu na "meditesheni" upande ule. Nakiri hata kichwa cha uzi wangu kimefanya kosa hilo.

#5 Mrudi Pune

Nilisoma Pune, India, miaka minne, naomba nimpinge mleta uzi kidogo. Umeongea kama vile Wabudha hawana mantra. Wanazo nyingi!

Mwenzangu wa chumbani hosteli alikuwa mtoto wa Ladakh, kaskazini mwa India, Mbudha wa njia ya Tibet. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho: Om Mani Padme Hum, Om Mani Padme Hum, kwa mnong'ono, tasbihi 108 mkononi kama ya mzee wako ila bila kimfuko. Silabi sita, za Chenrezig, bodhisattva (aliye njiani kuwa Buddha kwa ajili ya viumbe wote) wa huruma, ambaye kwa Kisanskriti ni Avalokiteshvara. Kwao zimechongwa kwenye mawe ya njiani, zimeandikwa ndani ya magurudumu ya kuzungusha kwa mkono, zipo hata kwenye vibendera. Nilikuwa nalala kwa sauti ile kama mtu anavyolala kwa mvua ya mabati.

Sasa nilipombana anieleze, nilikuta kazi ni kubwa kuliko kusoma. Anajenga picha kichwani: Chenrezig mweupe, mikono minne, kakaa juu ya yungiyungi. Anajiona yeye mwenyewe ndiye huyo. Moyoni kwake herufi za mantra zinazunguka zikitoa mwanga kwa viumbe wote. Anakaa humo, anasoma. Halafu mwishoni, na hapa ndipo niliposhangaa, anaiyeyusha picha yote: mwanga unaingia kwenye Chenrezig, Chenrezig kwenye herufi, herufi zinapotea, anabaki amekaa na utupu. Nikamwambia kaka, umejenga nyumba nzima ukaibomoa kabla ya chai? Akasema ndiyo maana ya zoezi, nione kwamba hata hii nimeijenga mimi, na kwamba mimi mwenyewe nimejengwa hivyo hivyo.

#6 Kijana wa Kisutu

Mrudi Pune, umenipinga ukanisaidia. Hapo kwenye kuyeyusha ndipo penye tofauti niliyokuwa naitafuta. Mzee wangu wa dukani ukimwambia amalize kwa kumyeyusha Krishna atakufukuza dukani.

Ila nakubali nimewapunja Wabudha. Hata pale Upanga, kwa watawa wa Theravada, ile njia ya Kibudha ya Sri Lanka, ambao ndio "wakavu" kuliko wote, kuna pirit: watawa wanasoma kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, maneno ya Buddha ya kulinda na kubariki, huku wameshika uzi mweupe uliounganishwa na chombo cha maji. Baadaye uzi unakatwa na kufungwa watu mkononi, maji yanagawiwa. Mtu wa Pwani haelezwi mara mbili, kisomo na maji yake anavijua tangu utotoni. Nilifungwa uzi huo nikakaa nao mpaka ukakatika wenyewe bafuni.

#7 Bi Tanga

Salaam alaykum nyote. Mimi naandika nililopitia, si la vitabuni.

Nilikwenda kozi ya siku 10 ya vipassana, taamuli ya Kibudha ya kuchunguza mwili na akili, njia ya mwalimu Goenka, ilifanyika Kenya. Simu wanachukua. Huongei, humtazami mwenzio machoni. Kengele saa kumi alfajiri, chakula cha mwisho cha maana ni cha mchana. Kabla ya kuanza unakubali kuweka kando kwa siku hizo ibada zako nyingine za kusoma na kurudia maneno, tasbihi ikiwemo. Swala kwangu ilikuwa suala nililojadiliana nao kabla, na hilo nitaliacha. Nataka kusema la uradi.

Siku tatu na zaidi ni pumzi tu, pale inapogusa puani. Mimi mtu wa uradi tangu nina miaka tisa, nimelelewa na bibi asiyelala bila tasbihi. Saa ya kwanza nikajikuta ndani kwa ndani naenda: subhanallah, subhanallah, kwa kila pumzi. Sikuamua, ilikuja yenyewe kama mguu unaojua njia ya kisimani. Na nikatulia vizuri sana! Nikajisemea mbona rahisi. Nikaenda kwa mwalimu saa ya maswali kujigamba. Akaniuliza kwa upole: umeiona pumzi, au umeliona neno? Sikuwa na jibu.

Maelezo yao ni kwamba neno linatuliza haraka kuliko pumzi, hawalikatai hilo. Tatizo kwao ni kwamba neno lina mtikisiko wake, linakufunika kama shuka, usisikie mitikisiko ya mwili wenyewe ilivyo. Siku ya nne ndipo vipassana inapoanza, unapitisha akili mwili mzima kuanzia utosini, unahisi joto, maumivu, vitu kama sisimizi, na huvitaki wala huvikimbii. Shuka ikiwepo husikii kitu.

Nimerudi na uradi wangu, sijauacha na siuachi. Lakini sasa najua hayo ni mambo mawili.

#8 Mrudi Pune

Bi Tanga, asante sana kwa hilo la "umeiona pumzi, au umeliona neno". Limenikaa.

Niongeze tu kwamba Goenka mwenyewe kazaliwa Mhindu. Familia ya wafanyabiashara Wahindi waliohamia Burma, kazaliwa Mandalay 1924. Alikuwa na kipandauso kikali cha kumpeleka kwenye sindano za mofini, akatafuta tiba huku na huku, mwisho 1955 akaenda kwa U Ba Khin, ofisa mkubwa wa serikali ya Burma aliyekuwa anafundisha taamuli. Alisimulia alivyosita: yeye Mhindu mcha Mungu, leo akajifunze kwa Wabudha? Akarudi India 1969 kufundisha, kituo cha Igatpuri kikaanza 1976, si mbali sana na nilikokuwa nasoma. Kwa hiyo aliposema weka tasbihi kando, alikuwa anazungumza mtu aliyekulia nayo.

#9 Mfukunyuzi wa Ilala

Naona mnajipongeza mapema. Mleta uzi amechukua Mhindu mmoja wa dukani akamfanya Wahindu wote. Uhindu una watu wasiotaka jina wala sura.

Patanjali, mwanachuoni wa kale wa Kihindu, kwenye kitabu chake Yoga Sutra, anaanza kwa kusema yoga ni kutuliza mawimbi ya akili. Hakusema ni kumpata Krishna. Anaitaja Om, ile silabi takatifu, ndiyo, kwenye sutra (kifungu) ya 1:28: irudiwe huku maana yake ikitafakariwa. Lakini ni njia mojawapo kati ya kadhaa anazozitaja, na pumzi imo pia. Mandukya Upanishadi, andiko la kale la Kihindu lenye aya 12 tu, inaivunja Om kuwa A, U, M: kuwa macho, kuota, usingizi mzito. Halafu inataja cha nne kisicho na herufi. Hicho cha nne ni kimya baada ya sauti. Kwa hiyo hata huko neno linaachwa.

Na Ramana Maharshi, yule mwalimu wa Kihindu wa Tiruvannamalai, India Kusini? Mwaka 1907 mwanachuoni mmoja mkubwa alimwendea analia: nimesoma mantra miaka yote, sijaona kitu. Akajibiwa: unaposoma mantra, tazama sauti yake inachipuka kutoka wapi. Hapo akili inazama. Hiyo ina tofauti gani na mtawa wako wa Upanga?

Halafu kisa cha Valmiki mmekisahau. Jambazi aliyeshindwa kutamka jina la mungu Rama kwa dhambi zake, akaambiwa basi sema "mara", lenye maana ya kifo. Mara, mara, mara, mara... irudie haraka uone inageuka kuwa nini.

#10 Chumvi ya Mawe

Nimeirudia kwa sauti, wife kauliza mara ngapi. 😂

#11 Kijana wa Kisutu

Mfukunyuzi, hoja nzito, nimelala nayo usiku mmoja ndipo najibu.

Nakubali kwamba njia zinakaribiana mpaka zinagusana. Si ajabu, maana Buddha mwenyewe kabla hajawa Buddha alikaa kwa walimu wawili wa taamuli, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, akajifunza mpaka ngazi yao ya juu, akaona haijamtosha, akaondoka. Shamba lilikuwa moja. Hata neno ni moja: dhyana kwa Kisanskriti, jhana kwa Kipali, lilipofika China likawa chan, Japani likawa zen.

Lakini tazama mwisho wa safari zako zote mbili. Cha nne cha Mandukya ni atman, nafsi ya kweli, aya ya 2 inasema wazi kwamba nafsi hii ndiyo Brahman, uhalisi mkuu wa vyote. Ramana akikuuliza "mimi ni nani?", anataka uizamie hiyo "mimi" mpaka chanzo, na chanzo kipo, ndicho kitu cha pekee kilichopo. Mtawa wa Upanga akikuambia tafuta mwenye kuwashwa, anataka urudi mikono mitupu. Anatta, yaani hakuna nafsi. Wote wawili wamekupeleka kisimani gizani na tochi moja, mmoja anasema utakuta maji, mwingine anasema utaona hakujawahi kuwa na kisima.

Kwa hiyo narekebisha hoja: tofauti haipo kwenye neno dhidi ya pumzi. Swali ni neno likiisha, kinabaki nini?

#12 Mpita Njia

Mimi ni msomaji tu wa kimya ila hapo mleta uzi nakukamata shati. Wajapani umewaweka wapi? Mamilioni ya Wabudha kule hawakai kuchunguza pumzi. Wanasema Namu Amida Butsu, "namkimbilia Buddha Amida", basi. Mtawa Honen aliieneza karne ya 12, na mwanafunzi wake Shinran akaenda mbali zaidi: hata kule kusema kwako si jitihada yako, wokovu umeshatolewa na Amida, unasema kwa kushukuru tu. Hebu weka hiyo pembeni ya "Krishna ndiye kimbilio langu" ya mzee wako, halafu uniambie yupi Mhindu yupi Mbudha.

Na Nichiren, mtawa mwingine wa Japani, aliyeanza kufundisha Namu Myoho Renge Kyo mwaka 1253, yeye hamtaji hata Buddha. Anaukimbilia mwandiko wa Kibudha, Sutra ya Yungiyungi, kwa jina lake. Jina la kitabu ndilo mantra!

#13 Kijana wa Kisutu

Hapo umenipiga chenga, nimebaki nimesimama. Ningeweza kusema Shinran akiulizwa sana atasema Amida ni umbo la utupu, na hilo wanazuoni wao wanalisema, lakini bibi wa Kijapani aliyepiga magoti asubuhi hawazi utupu, anamuwaza Amida. Kama mzee wangu alivyomuwaza Krishna. Kwa bibi yule na mzee yule hoja yangu haifanyi kazi, na siwezi kusema wao si Wabudha halisi au si Wahindu halisi ili nishinde mjadala. Iacheni hivyo hivyo ikiwa na tundu.

#14 Mwanafunzi Mpya

Nimefuata uzi mwanzo mwisho, asanteni. Swali la mtu wa kawaida: nikitaka kujaribu, lazima niwe na guru, yaani mwalimu wa kiroho? Nimeona mtandaoni watu wanauza "mantra ya siri".

#15 Mrudi Pune

Mantra ya kununua mtandaoni achana nayo.

Kwa Wahindu, mantra za siri, hasa zile silabi fupi za tantra (njia ya ibada za siri), hutolewa na guru sikioni, ndiyo diksha, yaani kuingizwa rasmi kwenye njia. Gayatri zamani mvulana wa tabaka la juu aliipewa siku ya kuvishwa uzi mtakatifu. Siku hizi utaisikia hata kwenye spika za dukani, wanawake na wageni wanaisoma, na wapo wazee wanaonuna. Majina ya Mungu kama Rama au Krishna yako wazi kwa kila mtu. Watibeti nao mazoezi mengi mazito yanataka ruhusa ya lama, mwalimu wao, ila Om Mani Padme Hum haina mlango. Pumzi ndiyo kabisa, umezaliwa nayo.

Halafu usijitese kwa sauti. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinasema kusoma kwa mdomo ni bora mara 10 kuliko kafara ya kawaida, kwa mnong'ono mara 100, kwa moyo tu mara 1000. Mzee wa dukani alikuwa anajua hesabu zake.

#16 Mwanafunzi Mpya

Nimerudi baada ya siku nne kutoa ripoti. Nilichagua pumzi. Nilitega dakika kumi kwenye simu. Pumzi ya nne nikawa nawaza kodi ya nyumba, ya sita nampangia mwenye nyumba maneno ya kumjibu, nikashtuka alamu inalia. Nahisi mimi sijaumbiwa.

#17 Kijana wa Kisutu

Umefika ya nne siku ya kwanza? Mimi sikuvuka ya pili.

Hesabu: inaingia inatoka, moja. Inaingia inatoka, mbili. Yule Buddhaghosa wa ndama anasema usiishie chini ya tano na usipite kumi. Ukifika kumi anza tena moja. Mwenye nyumba akiingia katikati, usibishane naye, anza tena moja.